Upande wa Nne wa Mnara

3 Februari

Dada,

Salamu kwanza, maana ukianza na shida msomaji hukunja barua. Sisi wazima. Mama anakohoa, lakini anakohoa kwa nguvu, na tabibu wa zahanati kasema mtu anayekohoa kwa nguvu bado ana nguvu. Waliosoma wana namna yao ya kukurudisha nyumbani ulivyokuja.

Sasa shida. Unaukumbuka mnara wa vita pale uwanjani, mbele ya kituo cha polisi. Pande tatu zimejaa majina ya wanajeshi, wa nne mtupu tangu ulipojengwa. Tuliambiwa huo wa nne ni wa wapagazi, wale waliokamatwa majumbani kwenda kuwabebea wanajeshi risasi, baba akiwa mmoja wao. Wajane walipewa na halmashauri barua ya ahadi yenye muhuri: majina yataandikwa "yakishahakikiwa". Yanahakikiwa mwaka wa thelathini na moja huu. Kila mwaka wajane huyaandika kwa chaki na mvua huyafuta. Mvua ndiyo mtumishi pekee wa umma anayefika kazini kwa wakati.

Mwaka huu wamesema basi. Walikuja kibandani kwangu, saba waliobaki, mama mbele, wakaniambia nichonge. Majina kumi na tisa. Nikawaambia mimi nachonga makaburi na mawe ya msingi, mambo ya serikali siyawezi. Mama akasema, "Na hili ni kaburi. Halina watu tu."

Anataka kuligusa jina la baba. Hajui kusoma, na macho ndiyo hayo, lakini anasema kidole kitamwambia. Tabibu alinivuta pembeni: mvua za mwaka huu huenda asizimalize.

Kinachonizuia ni huo Muswada wa Ulinzi wa Minara ambao redio haiishi kuutaja. Koplo, jirani yangu ninayecheza naye drafti, ananitania: "Fundi, wahi kuchonga kabla Bunge halijakuchonga wewe." Anacheka, lakini ni cheko la mtu aliyevaa sare. Wewe ndiye unayekaa humo ndani kuandika kila wanachosema. Niambie: nichonge, au nisubiri?

Mdogo wako,
Tindo


11 Februari

Mdogo wangu Tindo,

Usiguse jiwe. Nimeanza na hilo ili usije ukasema hukulifikia.

Unasema naandika kila wanachosema. Laiti. Tuko waandishi sita wa hatimkato. Kila mmoja anaingia ukumbini dakika tano, anaandika, mwenzake akimgusa bega ananyanyuka na kushuka Chumba Namba Tisa kupiga taipu kipande chake. Zamu yangu ikirudi, nusu saa imepita. Bunge nalijua kama unavyosikiliza ugomvi wa majirani mlango ukifunguliwa na kufungwa: unasikia "mwizi wewe", mlango unafungwa, ukifunguliwa tena, wanapeana sukari. Mhariri ndiye anayeunganisha vipande, nasi hatusomi cha mwenzetu mpaka kitabu kichapwe. Wala haturuhusiwi kutoa nje tulichosikia kabla hakijachapwa. Kwa hiyo barua hii ukiimaliza, washia jiko.

Kuhusu Muswada. Sumu iko kifungu cha kumi na moja. Askari akimwona mtu amegusa mnara, ameuandika, au "anaelekea kuuandika", amkamate bila hati na amweke ndani siku tisini bila kumfikisha mahakamani. Anaelekea kuuandika! Wewe na tindo yako mkononi unaelekea kuandika tangu ulipobalehe.

Jana kwenye dakika zangu alisimama mwanasheria mmoja mfupi wa upinzani. "Mheshimiwa Spika, Katiba inasema mtu hashikwi zaidi ya siku mbili bila kuonana na hakimu. Muswada unasema tisini. Naomba Waziri anifundishe hesabu." Waziri akajibu, "Katiba ni mwavuli, Mheshimiwa. Nani anafungua mwavuli ndani ya nyumba?" Makofi. Mbunge mmoja aliyekuwa amelala akashtushwa na makofi hayo, akasimama akaunga mkono hoja, akaketi.

Bila kifungu hicho, Muswada uliobaki ni wa kuonywa na kutozwa faini ndogo, na wajane wana barua yao ya ahadi ya kuonyesha. Pamoja nacho, unapotea. Wanasema upinzani umekaza na Waziri anaanza kuchoka. Subiri neno langu. Mwambie mama asubiri nami.

Dada yako,
Chumba Namba Tisa


19 Februari

Dada,

Nimemwambia mama asubiri. Akaniuliza, "Nisubiri kwa kutumia nini?" Nenda kamjibu wewe.

Barua yako nimeichoma kama ulivyoagiza, ingawa ilikuwa na maneno mazuri ya mwavuli ambayo ningependa kuyarudia kijiweni.

Huku mambo yamechemka bila kuwashiwa moto. Meja mstaafu, mwenyekiti wa wapiganaji wa zamani, alikuja uwanjani akawakuta wajane wamekaa kwenye ngazi za mnara. "Akina mama," akasema, "mnara huu ni wa askari. Wapagazi hawakula kiapo."

Mjane wa muuza mkaa akamjibu bila kunyanyuka. "Hawakula kiapo, hawakula na chakula. Walikula risasi tu. Tena risasi zenyewe, Meja, zilitoka nyuma."

Hilo sisi hulisema jikoni tu: kwamba wapagazi walikataa kuvuka mto uliofurika, wakapigwa na wale wale waliokuwa wamewabebea mizigo.

"Hayo hayajathibitishwa," akasema Meja.

"Si uthibitishe wewe? Ulikuwepo."

Meja akatazama saa yake, ambayo nijuavyo mimi haitembei, akasema amechelewa.

Mimi nimeshachora herufi zote kwenye karatasi, urefu wa vidole viwili. Jiwe lile ni gumu kama karani wa ardhi. Ni kazi ya siku tano. Baba nimemweka wa kumi na tisa. Mama alinuna, lakini mchongaji ni mimi, na anayegawa hujipakulia mwisho. Nikimweka baba juu watasema nimejenga mnara wa ukoo. Nimenoa tindo zangu zote. Nangoja neno lako kama mtu anayengoja maji ya bomba, sufuria mkononi.

Tindo


27 Februari

Mdogo wangu,

Chonga.

Ngoja nikueleze. Jana, zamu yangu ya mwisho ya siku, naingia ukumbini nakuta mwanasheria mfupi ameketi na jasho, na Waziri amesimama bila karatasi. Tindo, katika miaka kumi na minne sijamwona Waziri bila karatasi. Akasema, nami nayaandika haya kutoka kwenye daftari langu neno kwa neno: "Mheshimiwa Spika, Serikali ina masikio. Waheshimiwa wamesema, na wananchi wamesema. Kifungu cha kumi na moja nakiondoa." Wakapiga meza mpaka vumbi likatoka. Hata wa upande wake walipiga. Wengine nadhani hawakujua kifungu hicho kinahusu nini, lakini walifurahi kwamba kitu kimeondoka.

Mwenzangu akanigusa bega, nikashuka, nikapiga taipu kipande changu kama mtu anayepiga ngoma, nikaenda nyumbani. Kwa siku zijazo nimepangwa Kamati ya Maji, ambako wanajadili kwa nini vyoo vya Bunge havina maji, kwa hiyo Muswada nitausikia ukipita kwenye magazeti kama watu wengine. Utapita tu. Lakini utapita bila meno.

Chonga mchana kweupe, mbele ya kituo, ili asiwepo wa kusema ulijificha. Wajane wakae na barua yao ya ahadi. Na mama mwekee kiti chenye mgongo.

Barua hii nayo ichome.

Dada yako,
Chumba Namba Tisa


6 Machi

Dada,

Nina vumbi mpaka kwenye meno, kwa hiyo nitaandika kidogo.

Nilianza juzi. Majina kumi na mawili yamekaa. Uwanja umejaa watu wanaojifanya wanapita. Mwalimu mmoja aliniambia herufi yangu ya kwanza imeinama. Nikamwambia hata mwenye jina aliinama, alikuwa amebeba sanduku.

Leo asubuhi Koplo alivuka barabara, kofia mkononi. "Fundi, teremka. Sheria imesainiwa. Redio imesema."

"Redio imesoma kichwa cha habari," nikamwambia. "Kifungu kimetolewa. Redio ilisimuliwa, dada yangu alikuwepo." Nikampa barua yako.

Ndiyo, najua. Ya kwanza niliichoma. Hii ilinishinda. Tangu nizaliwe sijawahi kupewa ruhusa ya kitu chochote kwa maandishi. Naibeba mfuko wa shati kama leseni. Koplo aliisoma mara mbili, akasema, "Kama Bunge lenyewe ndilo limeandika, mimi nani?" Akaenda kumweleza mkuu wake ili nisisumbuliwe. Mtu mwema yule. Hata kwenye drafti huomba radhi akila kete yako.

Mama anakaa pale kutwa nzima na mwavuli wa jirani. Jana jioni alinyanyuka, akasogea mpaka kwenye jiwe, akaweka kidole kwenye jina la kwanza, akalipitia taratibu kutoka mwanzo hadi mwisho. "Ndilo?" akauliza. Nilipaswa kusema silo, ni la muuza mkaa, la baba ni Jumamosi. Nikasema ndilo. Akalipitia tena. Mjane wa muuza mkaa alikuwa amesimama hapo hapo, anasikia, na unamjua mdomo wake. Safari hii alimshika tu mama kiwiko asianguke.

Jumamosi nikifika kwa baba nitamwambia ukweli na atanipiga kofi, halafu ataligusa lenyewe.

Tindo


9 Machi

Tindo,

Acha. Popote barua hii itakapokukuta, shuka ngazi, funga tindo zako, nenda kwa shangazi usirudi mpaka nikuambie. Nimelipia ipelekwe haraka na karani wa posta ameniapia siku mbili.

Jana nimerudishwa kutoka Kamati ya Maji. Mezani nikakuta kipande changu cha tarehe 26 kimerudi kutoka kwa Mhariri, na yale maneno ya Waziri yamepigwa mstari mwekundu. Nikapanda juu kumuuliza. Yeye ni mtu mpole, huongea kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Akasema, "Bi mdogo, kwani hukusikia? Walipotoka chai, Waziri alirudi na karatasi. Akasema ulimi hauna mfupa, yale yalimtoka, kifungu kibaki. Spika akaagiza maneno yaondolewe kwenye Taarifa Rasmi. Hayakusemwa."

"Yalisemwa. Niliyaandika."

"Yalisemwa," akasema, "lakini hayakusemwa."

Walirudi kutoka chai, Tindo, na mimi nilikuwa nimeshashuka. Nilikwenda nyumbani naimba. Miaka kumi na minne najua kwamba nasikia dakika tano katika nusu saa, nakuandikia hata na mfano wa majirani na sukari, halafu siku moja inayonihusu nikachukua kipande nikakiita kizima.

Kifungu kipo. Siku tisini zipo. Shuka.

Dada yako


20 Machi

Kwa Bi Mwandishi,
Chumba Namba Tisa, Bunge

Bibi,

Hunijui, nami sikujui. Mimi ni fundi mawe, nipo mahabusu tangu tarehe 8. Nakuandikia kwa sababu Mkuu wa Kituo ameniambia nikuandikie tuone kama upo. Ameketi hapa na ni mtu mwungwana, amenikopesha kalamu.

Mfukoni mwangu ilikutwa barua iliyotiwa saini "Dada yako, Chumba Namba Tisa". Nimewaeleza waheshimiwa hawa kwamba barua hiyo niliiandika mwenyewe, kwa mkono wa kushoto, ndiyo maana mwandiko haufanani na huu. Chumba Namba Tisa nilikitunga. Nilipenda tu namba. Nilitaka watu wa uwanjani wasinisumbue nikiwa kazini. Mimi dada sina. Mama yangu alizaa mara moja akaona imetosha.

Sasa kama kweli kipo chumba cha namba hiyo na barua hii imekufikia kwa bahati mbaya, naomba radhi kwa usumbufu. Huna haja ya kujibu. Nasema tena, Bibi, huna haja ya kujibu. Endelea na kazi yako, nasikia kazi za huko ni nzuri na zina pensheni.

Afya yangu si mbaya. Mkono wa kulia umevimba kidogo, ndiyo maana herufi zimelala. Kwa mchonga mawe ni aibu, lakini utanisamehe kwa kuwa hunijui.

Fundi


2 Aprili

Dada,

Mimi ni Koplo, jirani wa mdogo wako. Naandika bila ruhusa. Barua hii, kwa heshima, ichome kweli.

Naomba nieleze kama nilivyozoea kueleza. Tarehe 6 nilisoma barua yako. Saa nane mchana nilimweleza mkuu kwamba fundi ana barua ya Bunge, asiguswe. Nilidhani namsaidia. Mkuu akasema, "Barua ya Bunge? Kwa fundi mawe?" Tarehe 8 asubuhi nilitumwa mimi nikamkamate, kwa vile mimi ndiye ninayemfahamu. Alikuwa anamalizia jina la kumi na nane. Akasema, "Koplo, niachie moja tu." Nilikuwa na wenzangu wanne nyuma yangu. Sikumwachia. Mchana ule ule upande wote ulipakwa saruji.

Yako ya haraka ilifika tarehe 11. Niliipokea mimi kwa mama, nikaichoma.

Mashtaka ni mawili: kuharibu mnara, na kughushi maneno ya Bunge. La pili ndilo zito, na wana haraka nalo. Kesi ni tarehe 16, mahakama ya huko mjini kwenu. Fundi anashikilia kwamba barua kaandika yeye. Akiendelea hivyo atafungwa kwa kughushi. Akijitokeza mwandishi mwenyewe, na ushahidi kwamba Waziri alitamka yale maneno, fundi atakuwa mtu aliyedanganyika akiwa na nia njema, na hakimu aweza kumwachia. Lakini mwandishi huyo naye atakuwa na yake ya kujibu. Hilo utalipima wewe.

Wanamhoji kila siku. Mimi hawaniingizi chumba hicho.

Asubuhi ile mama alikuwa bado hajafika uwanjani, na wajane wamekubaliana kumficha; anaamini fundi kapata kazi mji mwingine. Nampelekea salamu zake kila Jumapili. Naomba uniambie cha kusema, maana salamu zimeniishia.

Koplo


18 Aprili

Mdogo wangu Tindo,

Uliniambia mara mbili nisijibu. Nimejibu. Ukitaka kunigombeza, nigombeze ukitoka.

Juzi sikukuona mahakamani. Mwendesha mashtaka alisema wewe ni mgonjwa na kesi iendelee. Nilikuwa nimekuletea shati.

Madaftari yetu hukabidhiwa kila Ijumaa yakachomwe. Lile la tarehe 26 sikulikabidhi. Niliwapa jipya, tupu, wakalichoma kwa uaminifu mkubwa. Basi nikasimama kizimbani, nikasema mimi ni dada yake, barua ni yangu, mwandiko ni wangu, na maneno ya Waziri haya hapa, nikaweka daftari mezani. Nikajisikia mwepesi, Tindo. Nilifikiri kwamba sasa limekwisha.

Mwendesha mashtaka akafungua Taarifa Rasmi iliyochapwa, kitabu kizima chenye jalada gumu. Akasoma. Kifungu cha kumi na moja hakikuondolewa na mtu yeyote, siku yoyote. "Barua hii, mheshimiwa, inaeleza jambo ambalo halikutokea. Ameandika dada, ameandika kaka, ni uzushi ule ule."

Hakimu ni mzee, amechoka, nadhani ni mtu wa haki siku zake za nyuma. Akalifungua daftari langu, akaligeuza juu chini. "Mama, hivi ni vijiti na ndoano. Nani anavisoma?"

"Mimi."

"Mbali na wewe. Mimi natamani kukuamini, lakini mahakama haitamani."

Wakaitwa wenzangu watatu wa Chumba Namba Tisa. Wa kwanza alivaa miwani, akaivua, akasema mkono wa mtu ni kama nyayo zake. Wa pili hakulishika hata daftari. Wa tatu nilimfundisha mimi, tangu anashika penseli kama kijiko. Mpaka leo anakata mikia ya herufi zake kama mimi. Aliutazama ule ukurasa kwa muda mrefu. Niliona midomo yake inatembea. Alikuwa anasoma, Tindo! Alifika mpaka mwisho, nikaona amefika. Kisha akasema, "Siwezi kusoma mkono wa mwenzangu, mheshimiwa."

Ana watoto wanne. Simlaumu. Namlaumu kidogo.

Hukumu ni tarehe 30. Kazini walinipokonya kitambulisho mlangoni. Mlinzi aliniomba radhi, akaniuliza kama najua mtu anayeuza baiskeli. Wamesema nami nitaitwa. Waache waite.

Sijawahi kukwambia hili kwa maneno yake: ni mimi niliyekuambia chonga. Ulipokaa humo ukanikana ili nisalimike, nilikuwa chumbani kwangu nakunywa chai. Ninachokuomba ni kimoja, uache kusema barua uliandika wewe. Waambie ukweli, wakupeleke kwa daktari, na mkono uupumzishe.

Dada yako


24 Aprili

Dada,

Barua yako ya tarehe 18 nakurudishia ikiwa haijafunguliwa. Aliyeandikiwa hayupo.

Fundi alifariki tarehe 13, alfajiri. Cheti kinasema moyo. Nimekiona kwa macho, kimegongwa muhuri tarehe hiyo hiyo. Waliosema mahakamani tarehe 16 kwamba ni mgonjwa walikuwa nacho ndani ya faili. Wamemzika wao. Nimeuliza wapi mara tatu, na mara ya tatu nikaambiwa nisiulize.

Wenzake wa mahabusu wanasema siku za mwisho mkono wa kulia ulikuwa haushiki kitu, na walikuwa wakimlisha. Alikuwa akiwatania kwamba sasa amekuwa mheshimiwa. Wanasema mpaka mwisho alikataa kwamba ana dada.

Nimeomba uhamisho. Sijui kama ni vyema kukuomba msamaha kwa barua. Nisamehe.

Mama bado hajui. Jumapili iliyopita nilimpelekea salamu kama kawaida. Akanishika mkono akaniuliza, "Mwanangu anakula vizuri?" Nikasema anakula. Jumapili hii niseme nini? Niendelee, au nimwambie?

Koplo


30 Aprili

Koplo,

Leo asubuhi hakimu amesoma hukumu: miaka mitatu na kazi ngumu. Nikasimama nikasema mshtakiwa amekufa. Akaniuliza kama nina cheti. Sina. Wenye nacho walikuwa wameketi hatua mbili kutoka kwangu, wakatazama viatu vyao. Hakimu alingoja kidogo, nadhani alingoja zaidi ya ilivyo kawaida, kisha akaita kesi inayofuata, ya mtu aliyeiba mabati.

Unaniuliza kama nimekusamehe. Mimi mwenyewe ningependa kumuuliza mtu swali hilo, na aliyekuwa na jibu mmemzika msikokujua. Tuliache.

Mama usimwambie. Na salamu usipeleke tena, hata moja. Akiuliza, mwambie dada mtu anakuja, basi. Sina cha kunichelewesha huku. Chumba nimekirudisha, na vitu vyangu vinaingia kwenye kapu moja. Nitafika Jumapili asubuhi.

Nitamweleza mimi. Nitaanza pale alipokuja kibandani na wenzake, niende mpaka kwenye cheti, bila kuruka. Na nitakapofika kwenye ile barua nitamwambia iliandikwa na nani na kwa nini. Nawe uwepo, Koplo. Usivae sare. Nikifika tarehe 8 Machi nitanyamaza, maana mimi sikuwepo, nawe utamwambia mwenyewe mwanawe alikuomba nini ukamnyima.

Dada yake fundi